Hotuba juu ya Tela la Vyoo na Utunzaji wa Matangi Yake

(Ilisomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imepigwa chapa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri.)



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo watu wenye adabu hawapendi kulitaja hadharani. Twaomba radhi kwa wazee kabla hatujaanza. Lakini wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumekwisha kuyaficha maradhi haya kwa muda wa kutosha. Jambo lenyewe ni tela la vyoo ambalo chama kililinunua kwa michango yenu, ili litumike katika mazishi, harusi na mikutano yetu. Leo, kabla ya kuagana, mtapiga kura kama tela hilo liuzwe au libaki. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wazi ni chombo cha namna gani mlicho nacho, kinahitaji utunzaji gani, na ni wapi sisi tuliokabidhiwa tulipokosea. Maoni yetu tutayasema mwishoni.

Kwanza tukumbuke sababu ya kulinunua. Wale waliohudhuria mazishi yetu katika miaka ya nyuma wanajua hali ilivyokuwa. Watu 500 walikusanyika katika boma moja lenye choo kimoja cha shimo, kilichochimbwa kwa ajili ya jamaa ya watu 6. Kufika saa sita mchana choo hicho hakikaribiki. Vijana walikwenda migombani. Mama zetu hawakuweza kwenda migombani, basi walikaa tangu asubuhi pasipo kunywa hata kikombe cha chai, ili wasije wakabanwa. Wazee wenye magoti mabovu walirudi nyumbani kabla ya marehemu kuzikwa, wakasingizia kwamba jua ni kali. Huko ni kumheshimu marehemu na kuwadhalilisha walio hai. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeitaja haki ya kila mtu kuwa na makao ya kufaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Haki hiyo haikomi mtu aendapo matangani.

Liko na jambo zito kuliko aibu. Mwezi wa Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka katika nchi yetu, na wagonjwa wa kwanza walionekana miongoni mwa watu waliohudhuria sherehe ya harusi huko Limuru, katika Kaunti ya Kiambu. Kutoka hapo kilienea katika kaunti nyingine nyingi hata mwaka 2023. Hatuyasemi haya ili kuwalaumu wenye harusi, maana msiba wa namna hiyo waweza kuikuta jamaa yo yote. Twayasema kwa sababu nasi kazi yetu ni kukusanya watu, kuwapikia na kuwanywesha maji. Mdudu wa kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, akaingia katika maji au chakula, akafika tumboni mwa mtu mwingine. Yeye hana njia nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Ukiifunga njia hiyo umemfunga yeye.

Jambo hili halikuanza leo. Katika mwaka 1854, huko London, watu wa mtaa wa Soho waliokuwa wakiteka maji katika pampu ya Broad Street walikufa kwa mamia katika siku chache. Daktari mmoja, jina lake John Snow, alichunguza nyumba za waliokufa akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu ile, na kwa shauri lake mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye kisima kilipochimbuliwa, ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani, lililojengwa kwa matofali, lilikuwa umbali wa hatua moja tu kutoka kisimani, na matofali yake yamelegea. Shimo lile lilikuwa tangi, kama letu. Wenye nyumba walidhani uchafu wao umekwisha, kumbe ulikuwa ukipita polepole chini ya ardhi kwenda kwenye vikombe vya majirani.

Basi, ndugu zetu, jambo kubwa la kushika katika hotuba hii ni hili: tangi halili uchafu, huutunza tu. Kila kilichoingia kingali kimo, mpaka mtu akitoe na kukipeleka mahali panapostahili. Mwenye tangi ni kama mtu aliyewekewa amana, naye hawezi kuitupa njiani kisha akasema amekwisha kuirudisha.

Sasa tueleze lilivyo tela letu. Juu lina vyumba 3: viwili vya kawaida, na kimoja kipana chenye vishikio ukutani kwa ajili ya wazee na wenye ulemavu. Chini ya sakafu yamo matangi 3. La kwanza ni la maji safi, nalo huchukua lita 500. La pili hupokea maji ya kunawia mikono, lita 300. La tatu ni la choo chenyewe, lita 400. Tangi la choo na tangi la maji ya kunawia yana vali zake mbalimbali, yaani vilango vya kuvuta kwa mkono, na vali zote mbili hutoka katika mdomo mmoja ambao hufungwa mpira wa kutolea. Kutoka katika tangi la choo bomba jembamba limepanda hata juu ya paa, ili hewa mbaya iende zake huko juu. Bomba hilo likizibwa na kiota cha ndege au na majani, hewa hiyo itatafuta njia nyingine, nayo itatokea chumbani.

Mwaka uliopita tela letu lilipelekwa katika mazishi ya mmoja wa wazee wetu. Sisi wa ofisi tulilitoa pasipo maagizo yo yote ya maandishi, tukidhani kwamba choo ni choo, kila mtu anakijua. Waliokabidhiwa, kwa nia njema kabisa, walichimba kishimo nyuma ya tela, wakafunga mpira, wakaiacha vali ya choo wazi mchana kutwa, ili tangi lisijae. Nani angewakataza? Nasi tulikuwapo, tukaona mpira, tukanyamaza. Lakini vali ikiwa wazi, maji hukimbia na kinyesi hubaki. Kilibaki chini ya tundu la choo, kikarundikana kama kichuguu, kikakauka. Jioni vyumba viwili vilikuwa vimeziba. Lori la kunyonya maji taka lilipofika halikupata cha kunyonya. Usiku ule mtu mmoja, akitaka kulisaidia tela liondoke, alimwaga yaliyobaki katika mfereji wa barabara. Mfereji ule hushuka mpaka chemchemi ambayo wake wa boma lile huteka maji.

Asubuhi wazee wa boma walituita. Hawakutukana. Walitupeleka chemchemini tu, wakasimama, wakatuacha tutazame. Twawaambieni kwamba twaona ingekuwa heri wangalitukana. Chama kililipa maji ya kuletwa kwa gari kwa muda wa majuma mawili, na afisa wa afya alitia dawa chemchemini. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeugua. Lakini rehema za Mungu si ruhusa ya kurudia kosa. Kulizibua tangi kulichukua siku 3: tulilijaza maji, tukayaacha yalainishe, tukalivuta tela katika barabara ya mawe ili maji yasukesuke ndani, kisha lori likanyonya, tukarudia hivyo mara 4.

Kutokana na hayo tulikwenda kwa mafundi tukajifunza, na sasa twawaletea tuliyojifunza.

Kwanza, vali ya tangi la choo ifungwe siku zote, isifunguliwe ila wakati wa kumwaga. Kabla mtu wa kwanza hajaingia, tangi litiwe lita 20 za maji, ili chini pasikauke. Dawa nayo itiwe wakati huo. Maji ndiyo yanayochukua kinyesi wakati wa kutoa. Anayefanya ubahili wa maji chooni atayalipa maji hayo mara kumi siku ya kuzibua.

Pili, kila atumiaye aache maji kidogo bakulini akiisha kusukuma. Maji hayo ndiyo kifuniko cha harufu. Bakuli likikauka, mpira wake hukauka pia, nao ukipasuka hewa ya tangi hupanda. Ndugu zetu Waislamu, ambao hustanji kwa maji, wanalisaidia tangi kuliko sisi watumiao karatasi.

Tatu, karatasi. Si kila karatasi ifaayo. Chukua chupa ya mdomo mpana, itie maji nusu, weka vipande 3 vya karatasi, funika, kisha tikisa. Karatasi ikivunjikavunjika kama uji, inunue. Ikibaki kama kitambaa, iache dukani. Magazeti, magunzi ya mahindi, nepi, pedi za akina mama na vitambaa vilowevu vya kupangusia watoto visiingie tanguni kamwe, hata kama kasha la dukani limeandikwa kwamba vyaweza kusukumwa kwa maji. Kila chumba kiwekwe pipa dogo lenye kifuniko, na pipa hilo limwagwe na mtu aliyevaa glavu.

Nne, dawa. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa formalini, ile ile inayotumika kuhifadhi maiti. Huzuia harufu, ni kweli, kwa sababu huua kila kidudu. Lakini katika mabwawa ya kusafishia maji taka wako vidudu wadogo wafanyao kazi ya kuvunja uchafu, nao wakiuawa kazi husimama. Kwa hiyo tununue dawa za vimeng'enya au za vidudu wema, wala tusimwage klorini kali katika tangi, maana hula mipira ya vali. Mipira hiyo ipakwe mafuta ya silikoni. Tusipake grisi ya gari, kwa kuwa huivimbisha na kuiharibu.

Tano, hesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe si cha kuchezea. Mtu mmoja, pamoja na maji ya kusukumia, huongeza lita 1 na nusu hivi. Tangi la lita 400 lisipite robo tatu, yaani lita 300. Hizo ni zamu 200 za kuingia. Katika mazishi ya watu 500, kila mmoja akiingia mara moja tu, tangi litajaa mara mbili na nusu. Basi yapasa lori liagizwe mapema, lije adhuhuri na lije jioni. La sivyo, tela liwe la wanawake, wazee, wagonjwa na wageni wa mbali, na vijana wanaume watumie vyoo vya shimo vilivyo umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi. Tena msizitegemee sana taa za kipimo zilizo ukutani. Kipande cha karatasi kikinasa ndani ya tangi, taa husema limejaa na kumbe ni tupu. Mtazame kwa tochi kupitia tundu la choo. Msitazame kwa kiberiti wala sigara, maana ndani yake mna hewa iwakayo.

Sita, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Matangi yote yakijaa ni kilo 1,200, zaidi ya magunia 13 ya mahindi, nayo hayatulii kama magunia bali huyumba huku na huku katika kila kona. Tela lisivutwe likiwa limejaa. Limwagwe kwanza, kisha libaki na maji kidogo tu ya kusukasuka njiani.

Saba, kumwaga. Mahali ni pamoja tu: katika mtambo wa maji taka wenye kibali, au ndani ya lori lenye leseni ya kuyachukua huko. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hazimpi mtu yeyote ruhusa ya kumwaga katika mto, mfereji au shamba la jirani. Namna ya kumwaga ni hii: vaa glavu ndefu na gambuti; funga mpira ukaze pande zote mbili; fungua vali ya choo kwanza, uache mpaka pakauke kabisa; ifunge; kisha fungua tangi la maji ya kunawia, ili maji yake yausafishe mpira. Ukigeuza utaratibu huo, kinyesi kitabaki mpirani, nawe utakibeba hata nyumbani. Mpira wa kuoshea tangi la choo upakwe rangi nyekundu, usitumiwe kamwe kujazia maji safi. Kosa hili moja laweza kuyabatilisha yote tuliyoyasema.

Nane, na hili twalisema kwa sauti: mtu asiingize kichwa ndani ya tangi wala ndani ya shimo la maji taka, hata akiwa ameangusha simu, hata akiwa anataka kumwokoa mwenziwe. Humo mna hewa yenye harufu ya yai bovu, ambayo ikizidi huiua pua kwanza, mtu akadhani imekwisha, kisha ikamwua yeye. Mara nyingi aingiaye kumwokoa wa kwanza huwa maiti wa pili. Chama cha mazishi kisijitengenezee mazishi.

Bwana Mwenyekiti, tumesema juu ya vali na mipira. Tungependa sasa kusema juu ya mtu. Yuko kijana mmoja aliyetuzibulia tangi siku zile 3. Hatutamtaja jina, kwa kuwa hakutuomba. Alifanya kazi ile kwa mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu hatukuwa tumemnunulia glavu. Siku ya tatu, chakula kilipoandaliwa, aliwekewa sahani yake kando, na watoto walimpa jina ambalo haifai kulitamka hapa. Sisi tuliochafua chemchemi tuliketi mezani, naye aliyesafisha aliketi chini ya mti. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, iliwaagiza watu wa vita wa Israeli kwamba kila mmoja awe na chombo cha kuchimbia, aufukie uchafu wake, kwa kuwa Mungu hutembea katikati ya kambi. Ikiwa kufukia uchafu ni agizo kwa ajili ya utakatifu wa kambi, aifanyaye kazi hiyo hawezi kuwa mtu wa kuwekwa kando.

Wazee wetu waliotoa shauri kwamba tela liuzwe wana sababu, nasi hatuwapuuzi. Wamesema fedha zake zingenunua mahema na viti, vitu ambavyo havijapata kumwaibisha mtu. Wamesema pia kwamba chombo kisichojulikana utunzaji wake ni mzigo. Neno hilo ni la kweli. Lakini twaomba kuuliza: tukiliuza, je, uchafu wa watu 500 utapungua? Utarudi migombani, na mvua ya kwanza itaushusha katika chemchemi ile ile, wala hapatakuwa na wa kuitwa asubuhi kuja kutazama. Lililotuponza si tela. Ni sisi kupokea amana na kutojifunza kuitunza.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo manne. Mosi, tela libaki. Pili, awekwe mtunzaji mmoja mwenye mshahara wa kila mwezi, apewe glavu, gambuti, barakoa na sabuni, na apelekwe zahanati kwa chanjo ambazo mganga atashauri. Tatu, lisitoke bila fedha za lori kulipwa kwanza, wala bila karatasi ya maagizo iliyotiwa sahihi na mwenye boma na karani. Nne, Halmashauri irudi kwa wazee wa boma lile, isiende na barua tu bali iende yenyewe, ikawaombe radhi, na chama kiijengee chemchemi yao ukuta na bomba la kutekea.

Juu ya jambo la pili, tumekwisha kumwuliza yule kijana kama atakubali kazi hiyo. Alijibu kwamba atakubali, kwa sharti moja: awe anakula pamoja na watu. Twaliweka sharti lake mbele yenu kama alivyolisema.